Fundi cherehani alijua kabla ya daktari

Mama mkubwa alipeleka gauni lake kwa fundi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Lilikuwa gauni la kitenge, rangi ya samli na maua ya buluu, alilolishonesha kwa ajili ya harusi ya mjukuu, na hakuwa tayari kuliacha kwa sababu tu limeanza kumbana. Mara ya kwanza fundi aliachia mishono ya ubavuni. Mara ya pili akatia kipande cha kitambaa kwapani, kwa ufundi wa watu wa Ngamiani pale Tanga, usikione mpaka mwenyewe anyanyue mkono. Mara ya tatu alipiga goti kupima urefu wa pindo, akaibana futi kwenye muundi, na alipoitoa akaona imeacha mfereji usiofutika. Akabonyeza kwa kidole gumba. Pakaingia shimo. Akangoja. Shimo likabaki palepale.

"Mama, huu si unene," alimwambia. "Unene haubonyei hivi."

Kwa miezi minane kabla ya siku hiyo sisi wana ukoo tulikuwa na maelezo yetu. Mama mkubwa amenawiri. Mwanawe wa Dar anamtunza. Alipoanza kupumzika njiani akitoka sokoni, kwanza mara moja kwenye kibaraza cha msikiti, baadaye mara tatu, tulisema mwili umemzidi. Na yeye alisema hivyohivyo, tena kwa kicheko: mzigo huu wa kilo tisini na tano nani ataubeba asitwete? Kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho sina haja ya kukitaja, alipandishwa mizani, akaambiwa apunguze ugali na azidishe mboga, akapewa vidonge vya vitamini, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemsikiliza kifua. Hakuna aliyemuuliza analalia mito mingapi. Alikuwa analalia minne.

Ugonjwa ulipojulikana, jina lake kwa Kiswahili lilitutisha kuliko lilivyotueleza: moyo kushindwa kufanya kazi. Ukimwambia mtu moyo wake umeshindwa, anaelewa kwamba umesimama, na ambaye moyo wake umesimama anachimbiwa kaburi. Ndiyo maana wodini wagonjwa wenyewe hawalitumii sana. Wanasema moyo umetanuka, moyo mkubwa, moyo umejaa maji, au kwa kifupi kabisa, "nina moyo", kana kwamba sisi wengine hatunao. Kilichopo ni kwamba moyo bado unapiga, ila haumudu tena kuusukumia mwili damu inayotakiwa, au unamudu kwa shida kubwa mno kiasi kwamba damu inajazana nyuma yake kama maji ya mtaro ulioziba. Ikijazana upande wa mapafu, mtu anatweta, anakohoa akilala chali. Ikijazana upande mwingine, miguu inavimba, tumbo linajaa, nguo zinabana.

Kwamba unene huuchosha moyo ni jambo lililosemwa redioni hadi limechuja. Nitakaloliandika leo ni lile ambalo fundi wa Ngamiani alilishika kwa kidole gumba: unene huuficha moyo uliochoka. Humficha mgonjwa mwenyewe, huwaficha ndugu, na mara nyingine humficha hata daktari mwenye mashine. Na sisi, kwa maneno yetu ya kusifu na ya kukejeli, tunausaidia kuficha.

Ila siwezi kuruka swali la jinsi unene unavyoufikia moyo, maana wengi tunadhani njia ni moja tu: mafuta yanaganda kwenye mishipa kama yanavyoganda kwenye bomba la sinki, mshipa unaziba, basi. Njia hiyo ipo. Lakini mchukue mwenye nyumba wa Mbagala aliyechimba kisima na kufunga pampu ya kutosha vyumba vinne. Kodi ikanoga, akaongeza vyumba viwili uani, kisha vinne ghorofani, kila chumba na bomba lake. Pampu ni ileile. Mafuta ya mwilini ni wapangaji wa namna hiyo. Si akiba iliyolala tu kama magunia ghalani. Ni nyama hai yenye mishipa yake, inayodai damu usiku na mchana. Damu ya mwili mzima inaongezeka, na moyo unapokea nyingi zaidi na kusukuma nyingi zaidi kwa kila pigo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika na hupiga kama mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo nyongeza ndogo kwenye kila pigo haibaki ndogo ifikapo jioni. Nao msuli wa moyo hufanya kama msuli wa mbeba mizigo wa sokoni: unajaa. Ukuta wa chumba cha kushoto unakuwa mnene, na ukuta mnene haulegei upesi.

Moyo wa namna hiyo ni kama ngumi iliyojua kukunja ikasahau kukunjua. Unajikamua vizuri tu. Shida iko kwenye kufunguka ili upokee damu ya pigo linalofuata. Ukikakamaa, damu inasubiri mlangoni, msukumo unapanda hadi kwenye mapafu, na mtu anaanza kutweta kwa kupanda ngazi za kwake mwenyewe.

Wapo pia wapangaji wakorofi. Mafuta ya tumboni, yale yaliyojificha ndani yakizunguka ini na matumbo, hutoa kemikali zinazowasha mwili mzima taratibu, kama jivu lenye kaa ndani. Yanachangia presha kupanda, yanaifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji, yanaufungulia mlango ugonjwa wa kisukari. Shingo nene huziba njia ya hewa usingizini. Anayekoroma kisha akakatika kimya, kisha akashtuka kwa kishindo, moyo wake umepata kazi ya usiku ambayo hakuipanga. Na yapo mafuta yanayolala juu ya moyo wenyewe, ndani ya mfuko wake, yakiubana pale unapotaka kutanuka. Hayo hakuna kioo kinachoyaonyesha.

Ushahidi wa kuheshimika juu ya haya ulitoka mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, ambako tangu mwaka 1948 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wakazi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2002 walitoa hesabu ya watu 5,881 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 14. Kati yao 496 walipata ugonjwa wa moyo kushindwa. Walioingia kwenye kundi la unene uliokithiri walikuwa na hatari mara mbili ya wenye uzito wa kawaida, na kwa kila pointi moja iliyoongezeka kwenye BMI, ile hesabu ya uzito na urefu, hatari ilipanda kwa asilimia 5 kwa wanaume na 7 kwa wanawake. Hiyo ni hata baada ya kuweka pembeni mchango wa presha, kisukari na mengineyo. Yaani ukitoa wasindikizaji wote, unene wenyewe bado una lake.

Kwetu picha ina rangi nyingine. Mwaka 2014 madaktari wa Muhimbili walichapisha utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa waliowafuatilia hospitalini hapo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Ulaya ugonjwa huu ni wa wazee wanaolea vitukuu. Hapa unamkuta mtu yuko kazini, ana ada za shule za kulipa. Chanzo kikuu, kwa asilimia 45, kilikuwa presha. Mishipa iliyoziba, ile hadithi ya bomba la sinki, ilikuwa nyuma sana. Na wapo wagonjwa wa moyo wasio na uhusiano wowote na unene: msichana ambaye homa ya koo ya utotoni iliacha makovu kwenye vali, mama aliyejifungua juzi na moyo ukalegea, mvuvi mwembamba kama upondo. Nasema haya kwa sababu kuna watu wakisikia mtu ana ugonjwa wa moyo hutupa jicho tumboni kwake kwanza, kana kwamba wanatafuta ushahidi wa kosa.

Lakini presha hiyo ya asilimia 45 haikushuka kutoka mbinguni. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, ambazo hupima uzito wa wanawake wa miaka 15 hadi 49, zilionyesha mwaka 2004-05 kwamba asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene. Mwaka 2010 ikawa 22. Mwaka 2015-16 ikawa 28. Kenya, kwa vipimo vyao vya mwaka 2014, walishafika 33. Sababu tunazijua, na sitakaa hapo sana: bodaboda imetupokonya kutembea, soda imekuwa maji ya wageni, sembe imeifukuza dona, chipsi mayai zinaliwa saa tano usiku chini ya taa ya kibanda. Anayetaka kusomewa orodha ya vyakula amsikilize Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kisha Hospitali ya Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Amesema juu ya kitambi miaka mingi hadi jina lake limekuwa mzaha wa mezani, la kutajwa pindi sinia la chipsi linapotua. Mzaha huo ni heshima ya aina yake. Lakini pia ni namna yetu ya kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Narudi kwenye kuficha. Kutweta, kuchoka, kuvimba miguu: dalili kuu zote za moyo kushindwa zina maelezo yaliyo tayari pale mtu anapokuwa mnene. Hata yeye hawezi kuzitilia shaka, kwa sababu tangu ujana ameambiwa kwamba kila kinachomuuma kinatokana na mwili wake. Usiku anapoamka ghafla akihema, akikaa kitako kitandani kutafuta hewa, pwani huambiwa amekabwa na jinamizi. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha dua kilichosomwa chumbani mwa mtu ambaye, kama tulivyokuja kuelewa, mapafu yake yalikuwa yanaogelea. Sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ni asubuhi yake, tulipokunywa chai na maandazi, tukaagana, na hakuna aliyempeleka hospitali.

Mizani nayo hushiriki kuficha. Madaktari huwaambia wagonjwa wa moyo wajipime kila alfajiri baada ya kwenda msalani, na wakiona zimeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 wasingojee tarehe ya kliniki. Mafuta hayaji kwa siku tatu, maji huja. Kwa mtu wa kilo 55, kilo sita za maji zinamvimbisha mpaka jirani aulize kulikoni. Kwa mtu wa kilo 110 zinapotea kama ndoo ya maji kwenye simtanki. Mama mkubwa alikuwa anaongezeka uzito na sisi tunasema anakula vizuri, kumbe chakula kilishamshinda. Tumbo lililojaa maji halina nafasi ya ugali. Alikuwa anapungua nyama huku mizani ikipanda.

Mbaya zaidi ni pale mgonjwa mnene anapomfikia daktari mwangalifu. Kuna kipimo cha damu kinachotafuta homoni ambayo moyo huitoa kuta zake zinapovutwa kupita kiasi. Ikiwa juu, moyo unalalamika. Ni kipimo kizuri, na hospitali kubwa wanacho. Lakini kwa watu wanene homoni hiyo huwa chini kuliko kwa wembamba wenye ugonjwa uleule. Majibu yanarudi "kawaida", na moyo hauko kawaida. Akipelekwa kwenye eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, mawimbi hayo lazima yapenye kifua kinene, na picha inakuja na ukungu. Hata ikija safi, tarakimu ambayo wengi huikimbilia ni asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo. Ikianzia 50 kwenda juu, mtu anaambiwa moyo wake unasukuma vizuri. Ni kweli, unasukuma vizuri. Ni ile ngumi. Tatizo halikuwa kukunja.

Basi unampata mama anayetweta, damu yake imesema hakuna kitu, picha imesema moyo unasukuma, na mizani imesema kilo 95. Maskini daktari wa watu, mwenye foleni ya wagonjwa hamsini nje, ataandika nini? Ataandika: apunguze uzito. Na ushauri huo si wa uongo, ndiyo maana unadumu.

Sasa tugeukie ndimi zetu. Kiswahili kina ukarimu wa ajabu kwa anayenenepa. Umependeza. Umenawiri. Ndoa imekukubali. Mwili wa mtu mwenye nafasi. Kijana akirudi kutoka mjini hana tumbo, wazazi wanajiuliza kama kweli ana kazi. Na Kiswahili hichohicho kikigeuka kina ukatili: kibonge, tipwatipwa, bonge la mtu. Konda wa daladala atamtangazia abiria mbele ya gari zima kwamba alipie siti mbili. Hakuna neno la katikati, la kumwita mtu mnene bila kumpamba wala kumtusi, na kwa hiyo hakuna mlango wa kumuuliza swali la kawaida kabisa: siku hizi pumzi yako ikoje?

Anayedhani tunaupenda unene kwa ujinga amesahau tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ya fasheni wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, wembamba, kwa sababu ndivyo ulivyoua: uliwakausha watu machoni petu. Kwa miaka ishirini mtu akipungua kilo tano, mtaa mzima ulishajua. Amekanyaga miwaya. Watu walivaa nguo mbili mbili kuficha mabega. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kugawiwa bure mwaka 2004, kunenepa kukawa habari njema, ushahidi kwamba mtu amerudi kutoka makaburini. Kizazi kilichozika wembamba wake hakiwezi kuambiwa ghafla, na bango lenye picha ya sinia, kwamba mwili ni adui. Mama mkubwa alizika wadogo zake wawili miaka ile. Alipoambiwa apungue, alichosikia ni kitu kingine kabisa.

Kuna na hili la nyonga, niliseme maana nawajua wasomaji wangu. Watu wanaogopa au wanaabudu makalio, wengine wananunua dawa za vichochoroni za kuyaongeza, lakini moyo hauna kesi kubwa na mafuta ya nyonga na mapaja. Kesi yake ni na tumbo. Mwanamke mwenye shepu ya chupa na mwanamume mwenye miguu ya mbu na kitambi kilichotangulia mlangoni wanaweza kuwa na uzito na BMI ileile. Aliye hatarini zaidi ni yule bwana, ambaye hajawahi kuitwa mnene maisha yake yote. Ameitwa bosi.

Tofauti hii ndiyo inayojibu hoja ambayo mnene yeyote aliyesoma atakutupia. Atasema: mbona tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wakishaugua moyo kushindwa, wanene huishi muda mrefu kuliko wembamba? Ni kweli zimeonyesha, tangu mwanzoni mwa karne hii, na zikapewa jina la kitendawili cha unene. Wapo waliojifariji nacho, na wapo madaktari walioacha kabisa kuzungumzia uzito na wagonjwa wao. Nami niliwahi kuamini kwamba mwili una akiba ya kupigania ugonjwa.

Kitendawili kilianza kuteguliwa walipobadilisha kipimo. BMI imetokana na hesabu ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta mtu wa wastani, wala hakuwa tabibu. Inagawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, haiulizi uzito huo ni wa nini: msuli, mafuta, au maji. Kwenye ugonjwa unaojaza watu maji, hilo si kosa dogo. Tena mtu ambaye moyo umemla hadi kukonda anahesabiwa mwembamba, na anapokufa upesi wembamba unalaumiwa. Mwaka 2023 watafiti wa Glasgow wakiwa na Profesa John McMurray walirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 8,000 wa jaribio moja kubwa la dawa ya moyo, wakaacha BMI na kuchukua uwiano wa kiuno na urefu. Faida ya wanene ikayeyuka. Waliokuwa na mafuta mengi tumboni ndio waliolazwa zaidi.

Kiuno na urefu. Fundi cherehani ana vipimo hivyo kwenye daftari lake, vya mtaa mzima, vya miaka na miaka, pamoja na madeni. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba ilianza mwaka 2022 kuwaambia watu wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu wao. Huhitaji mizani wala mashine. Chukua uzi, ujipime kutoka utosini hadi kisiginoni, uukunje nusu kwa nusu, uuzungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ukikutana, uko salama kidogo. Usipokutana, tatizo haliko kwenye uzi. Nilijaribu nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Palibaki nafasi ya vidole vinne.

Tiba ipo, na ni nyingi kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Dawa za kutoa maji, ambazo wagonjwa huziita tu dawa za kukojoa, ni za bei nafuu na zinampa mtu pumzi ndani ya siku chache. Dawa mbili zilizoanza kama dawa za kisukari, empagliflozini na dapagliflozini, zilithibitika mwaka 2021 na 2022 kuwapunguzia kulazwa hata wale wenye moyo uliokakamaa, kundi ambalo kwa miaka mingi halikuwa na dawa ya kueleweka. Kisha zikaja sindano za kupunguza uzito. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 529 wanene wenye moyo wa namna hiyo, nusu wakichomwa semaglutide kila wiki kwa mwaka mmoja. Walipungua asilimia 13 ya uzito wao, wenzao waliochomwa maji matupu hawakufika 3. Waliochomwa dawa waliweza kutembea mbali zaidi, na hali zao za kila siku, kupanda ngazi, kuoga, kuvaa, zikaboreka waziwazi.

Mimi jaribio hilo lilinifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Lilinifurahisha kwa sababu lilithibitisha kwamba kwa wagonjwa hawa unene ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na unatibika kama sehemu nyingine yoyote, bila mahubiri. Lilinikera kwa sababu ya bei. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, lakini dirisha la dawa la hospitali ya wilaya halisomi orodha ya Geneva. Kwa sasa Hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni la kumpunguzia mtu nafasi ya chakula, na habari zake zimesikika zaidi kwa sababu wasanii wamelitumia kuliko kwa sababu limeokoa moyo wa mtu. Sina kinyongo na wasanii. Ningependa tu bima ilione puto kama dawa, isilione kama urembo.

Na kabla ya sindano na puto kuna vitu ambavyo havina bei. Muuguzi anayepima uzito anaweza kubonyeza muundi kwa kidole, sekunde tano. Anaweza kuuliza mito mingapi. Mwenye duka la dawa anayeuza vidonge vya presha anaweza kuuliza kama mteja anaamka usiku kutafuta hewa. Mwana wa Dar anayetuma pesa kila mwezi anaweza, akipiga simu, kuacha kuuliza "mama umekula?" akauliza ametembea mpaka wapi leo na amepumzika mara ngapi. Sisi tuliuliza kula. Miezi minane, kila Jumapili, tuliuliza kula.

Mama mkubwa alilazwa siku kumi na moja. Wiki ya kwanza alipoteza kilo tisa, zote kupitia choo kidogo, na alikuwa akiwasimulia wageni kwa fahari kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Mito ikarudi miwili, kisha mmoja. Uzito mwingine, ule wa kweli, umekuwa ukishuka polepole sana: kilo moja mwezi huu, nusu mwezi ujao, mwezi wa Mfungo Mosi ukapanda tena. Mtaani kuna waliomuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mmoja alimletea asali.

Mwezi uliopita alirudi kwa fundi na gauni lake la maua ya buluu, sasa linamning'inia. Fundi akamzungusha futi, akaandika, akachukua mkasi akauliza akate kitambaa kilichozidi.

"Usikate," mama mkubwa akamwambia. "Kikunje kwa ndani. Si unawajua hawa wanangu wanavyopika."